Masomo Kumi ya Omari wa Jibondo

Neno lililonitia aibu kuliko yote katika kazi yangu ya ukalimani lilikuwa fupi, silabi moja tu kwa Kiingereza, na nililitafsiri kwa kujiamini kabisa mbele ya watu wasiopungua ishirini. Ninyi vijana mnaofanya kazi hii leo mna kamusi nene mezani, na mkikwama mnapiga simu. Sisi tulikuwa na kamusi moja kwa Boma zima la Kilindoni, kisiwani Mafia, na kurasa zake za herufi S zilikuwa zimeliwa na mchwa.

Mimi nilikuwa karani mkalimani enzi za Mwingereza. Bwana DC akisema, nasema. Wazee wakijibu, nasema. Kutwa nzima mdomo wangu ulikuwa wa watu wengine, na jioni nikifika nyumbani mke wangu ananiuliza jambo, nakaa kimya nikisubiri kwanza mtu azungumze ili nitafsiri.

Makosa nilifanya mengi. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa taarifa ya baraza la wazee niisome, na juu yake pameandikwa kwa Kiingereza lile neno la kumbukumbu za kikao ambalo pia ndilo neno lao la dakika. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasema: “Dakika za mkutano uliopita zimesomwa na kukubaliwa.” Mzee mmoja wa kijiji cha Kanga akanyanyua mkono. “Karani, zilikuwa dakika ngapi?” Nikamjibu kwamba hazikuhesabiwa. Akatikisa kichwa akasema, basi zimekubaliwaje?

Hilo lilikuwa la kucheka. La Jibondo halikuwa la kucheka.

Kisiwani Jibondo kulikuwa na fundi wa vyombo aliyeitwa Fundi Mbwana. Mashua zake zilijulikana hadi Kilwa, na alama yake, mistari miwili iliyokatana na mmoja mfupi, aliichonga ndani ya kila chombo karibu na shina la mlingoti. Mwanawe, Omari, alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa amesoma skuli ya bara hadi akamaliza mtihani mkubwa, jambo ambalo kwa Mafia yetu wakati ule lilikuwa la kuhesabika kwa vidole, na vidole vingebaki. Siku moja ikaja bahasha Boma: Omari bin Mbwana amekubaliwa chuo kikuu, kile cha ng'ambo ya ziwa kilichopokea wanafunzi wa Afrika Mashariki yote. Ndani mlikuwa na fomu ya kutiwa saini na baba, na ukurasa uliokatwa kutoka kitabu cha chuo, umeandikwa masomo ambayo mwanafunzi wa shahada ile angeweza kuchagua.

Bwana DC alifurahi kama ni mwanawe. Akaniambia: “Nenda Jibondo, mweleze baba yake kijana anakwenda kusoma nini. Fomu irudi kabla ya meli ya barua.” Meli ilikuwa inatarajiwa baada ya siku kumi na mbili.

Nikaenda. Fundi Mbwana alinipokea pale pale alipokuwa akifanyia kazi, chombo kipya kimesimamishwa juu ya magogo, mataruma yake yako wazi kama mbavu. Mafundi wenzake wakaacha nyundo wakaja kusikiliza. Omari alikaa nyuma ya baba yake, mikono magotini. Nikafungua ukurasa, na juu kabisa pameandikwa neno lile: *Arts*. Mimi nikakumbuka kamusi ilivyosema, nikatangaza kwa sauti ya kiserikali:

“Fundi Mbwana, mwanao amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea sanaa.”

Fundi akanitazama. Akaitazama tezo ya kuchongea mbao iliyokuwa mkononi mwake. “Sanaa,” akasema.

“Naam. Miaka mitatu au minne.”

“Karani, mimi nimeshika tezo hii tangu sijaota ndevu. Baba yangu aliishika, na babu yangu aliishika. Sanaa gani hiyo anayoifuata ng'ambo ya ziwa asiyoipata hapa? Huko bara wanaunda vyombo?”

Watu wakaangua kicheko. Mimi, badala ya kusimama nikafikiri, nikaona heshima ya serikali inachezewa. Nikasema kwa ukali kidogo kwamba sanaa ya chuo kikuu ni bora kuliko ya hapa. Jamani! Kumwambia hivyo mtu ambaye mashua zake hazijawahi kurudishwa! Kicheko kikakatika. Fundi akainama akaendelea kuchonga. “Basi waambie ahsante,” akasema bila kunitazama. “Kama ni sanaa, atajifunza kwangu.”

Omari alinisindikiza hadi majini. Nikapandisha suruali niingie kwenye mashua.

“Bwana Karani,” akasema, “umemwambia baba nakwenda kujifunza useremala.”

“Nimesema sanaa.”

“Hapa kwetu sanaa ni kazi ya mikono. Ile ni elimu ya historia, na lugha, na falsafa. Ni vitabu.”

“Mbona hukusema?”

Akanitazama kwa namna ambayo hadi leo nikiikumbuka nainamisha kichwa. “Nimsahihishe karani wa serikali mbele ya wazee? Au nimpinge baba yangu mbele ya mafundi wake? Wewe ndiye uliyetumwa useme.”

Niliporudi Kilindoni nilijifungia nikajaribu kuutafsiri ukurasa wote upya. Masomo yalikuwa kumi, kila moja mstari wake na maelezo mafupi mbele. Nilikwama kwenye mstari wa pili. Kiingereza nilikijua cha amri, cha barua za ofisi, cha vibali na taarifa za mvua. Lakini Kiingereza cha watu wanaokaa wakafikiri juu ya kufikiri sikuwa nimekutana nacho. Nilikaa siku mbili nikiandika na kufuta.

Tarishi wetu ndiye aliyenishauri. “Nenda Kirongwe kwa Bi Mwanaisha. Yule ana maneno ambayo hata kadhi huyafuata.”

Bi Mwanaisha binti Nasoro alikuwa mjane wa umri wa miaka sitini hivi, wa ukoo wenye mashamba ya minazi na mikorosho. Alifundisha wanawake dini na lugha ya Kiarabu nyumbani kwake. Nilimsikia tu, sikuwa nimewahi kumwona. Nilikwenda kwa baiskeli, nikafika nimelowa jasho mpaka karatasi mfukoni imelegea. Akanikaribisha ukumbini, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

“Shikamoo, Bi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa amri au kwa haja?”

“Kwa haja, Bi. Nimeharibu jambo.”

“Hiyo ni haja nzuri. Kaa.”

Nikamweleza yote, hata kicheko. Hakunicheka. Aliniambia nisome maelezo ya kila somo, lakini si jina lake. “Majina yanadanganya,” akasema. “Niambie wanafanya nini humo ndani, nami nitakuambia sisi tunaliitaje.”

Hii ndiyo kanuni bora niliyopewa katika kazi hii, vijana, na aliyenipa hakujua hata neno moja la Kiingereza. Nilipomsomea somo ambalo ndani yake mtu hufundishwa namna hoja inavyotoka katika hoja nyingine, na namna ya kujua hoja iliyooza, alijibu kabla sijamaliza: “Mantiki. Baba yangu alisomesha hiyo barazani.” Nilipomsomea linalouliza kitu ni nini na wema ni nini, akasema, “Falsafa. Wako wanaoiogopa. Ni kwa sababu inauliza.” Habari za watu wa kale na sababu za kuinuka na kuanguka kwao, “Tarehe,” na akanionya niongeze neno, maana watu wangedhani ni tarehe za mwezi. Tulipofika kwenye maandishi ya washairi na watunzi wa hadithi, akasema Waarabu huliita somo hilo adabu.

“Bi,” nikasema, “nikienda kumwambia Fundi Mbwana kwamba mwanawe anapelekwa mbali hivyo kusomea adabu, atauliza amemkosea nani.”

Hapo ndipo alipocheka, mpaka akavua miwani akaifuta. Tukakubaliana kuandika “maandishi ya ufasaha”.

Nilimuuliza alijuaje vitu hivi. Akasema kwa urahisi tu, kama mtu anayeeleza alivyojifunza kupika, kwamba baba yake alikuwa na wanafunzi wa kiume barazani, naye akiwa msichana alikaa nyuma ya mlango akichambua mchele na kusikiliza. Mwanafunzi akikosea, yeye alikohoa. Baada ya miezi baba yake alitambua kwamba kikohozi kile hakikosei hata siku moja, akaanza kumsomesha peke yake baada ya wenzake kuondoka. “Lakini kwa Mwenyezi Mungu, karani, elimu ya ile miaka ya mchele niliipata kwa wizi.”

Tulipomaliza nikaziweka karatasi mbili sambamba, ya Kiingereza na yangu. Akavaa miwani, akaziinamia. Nilijua hasomi herufi za Kizungu, nikadhani anatazama tu mwandiko. Kidole chake kikawa kinashuka upande mmoja, kisha upande wa pili.

“Huku mistari ni kumi,” akasema. “Huku kwako ni tisa.”

Ule wa kumi niliuacha makusudi. Lilikuwa somo la dini ya Kikristo. Nilihofia Fundi akilisikia tu, mambo yataishia hapo. Nikamwambia hivyo, nikaongeza kwamba si la lazima, mwanafunzi huchagua, na Omari anaweza kuliacha. Kwa nini nimtie mzee wasiwasi bure?

“Limeandikwa?”

“Limeandikwa.”

“Basi liandike. Umeshamkosesha mtu kwa neno ulilolitia vibaya. Sasa unataka kumkosesha kwa neno ulilolitoa?”

Nikaandika mstari wa kumi. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: kesho angekwenda nami Jibondo.

Mtu ambaye hakuishi zama zile hawezi kujua uzito wa jambo hili. Mwanamke wa heshima yake hakuwa na safari za namna hiyo. Alikwenda harusini, matangani, na kwenye mashamba yake. Lakini asubuhi ile alipanda lori la mbata, akakaa mbele kando ya dereva akiwa na mpwa wake wa kike, nami nikakaa nyuma juu ya magunia ya nazi hizo kavu, hadi tukateremka pwani ya Utende. Mashua iliyokuwa ikivuka ilikuwa imebeba mapipa ya maji ya kupelekwa Jibondo, maana kisiwa kile hakina maji ya kunywa. Bi Mwanaisha akakaa juu ya pipa, buibui lake amelikusanya magotini, na kila wimbi lilipopiga alisema “Inshallah” kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi.

Fundi Mbwana alipoambiwa ni nani aliyefika, aliweka tezo chini, akanawa mikono kwa maji ya thamani yale, akavaa kanzu. Mkeka ukatandikwa ndani ya nyumba. Safari hii mafundi wenzake walibaki nje, lakini dirisha lilikuwa wazi na nje kulikuwa kimya mno kwa watu wanaofanya kazi.

Nilianza mimi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakapotea. Nikasema: “Fundi, siku ile nilikosea. Neno nililokupa silo. Na pale niliposema kazi ya huko ni bora kuliko yako, hayo sikutumwa na mtu, niliyatia mwenyewe. Nisamehe.”

Akasema, “Soma.”

Nikasoma, mstari kwa mstari, taratibu. Kwenye mantiki akanyanyua mkono. “Hiyo ndiyo nini?”

Bi Mwanaisha akalidaka swali. “Fundi, chombo ambacho kalafati ya kuziba nyufa zake imekauka, hufanya nini?”

“Huvuja.”

“Chombo kile cha mjomba wako pale nje, kalafati yake imekauka. Je?”

“Kinavuja. Nimemwambia tangu mwezi uliopita.”

“Hukukiona kikivuja, na umejua. Basi hiyo ndiyo mantiki. Umeshamaliza darasa la kwanza.”

Nje ya dirisha mtu akacheka akanyamazishwa. Fundi mwenyewe alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka, nami nikafika mstari wa kumi. Nikausoma kama ulivyo. Nikaeleza kwamba si wa lazima. Omari akafumba macho.

“Siku ya kwanza hukulitaja,” Fundi akasema.

“Siku ya kwanza sikutaja lolote kati ya haya. Na karatasi hii nayo niliiandika bila mstari huo, kwa kuogopa. Bi ndiye aliyenirudisha.”

“Hasomi Kizungu.”

“Alihesabu mistari.”

Fundi akamgeukia Bi Mwanaisha kwa adabu. “Bi, wewe ungempeleka mwanao?”

“Sikujaliwa mwana,” akasema. “Nitakuambia la kwangu. Nusu ya haya aliyosoma karani ninayajua. Niliyapata nikiwa nimejificha, kipande leo, kipande mwezi ujao, na mengine nikayakosa kwa sababu siku hiyo nilitumwa kisimani. Hakuna aliyewahi kuniandikia barua yenye jina langu akaniambia njoo, haya hapa yote, chagua. Mwanao ameandikiwa. Zaidi ya hapo mimi sina hoja.”

Fundi Mbwana akamwita Omari. “Wewe. Unayataka haya?”

“Nayataka, baba.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilingoja unisikie, baba. Wewe ulimsikia karani.”

Nadhani neno hilo lilimwuma kuliko yote. Aliinamisha kichwa. Halafu akanyoosha mkono apewe fomu. Hakujua kusoma herufi zozote, nami nikatoa kidau cha wino apige dole gumba. Akakataa. Akachukua kalamu yangu kama anavyoshika patasi, akachora mistari miwili iliyokatana na mmoja mfupi, alama ile ile aliyoitia katika vyombo vyake. Bwana DC alipoiona aliniuliza ni saini gani hiyo. Nikamwambia ni saini ya mtu ambaye hakitoki chombo kwake mpaka aridhike nacho. Akapiga mhuri.

Meli ya barua iliondoka na fomu ile. Omari alikwenda, akasoma tarehe, na mantiki, na maandishi ya ufasaha. Wengi wenu mlifundishwa na watu aliowafundisha yeye. Sifa hiyo ni yake. Yangu mimi ni kwamba sikumzuia mara ya pili.

Lakini ninayetaka mmjue ni Bi Mwanaisha. Tafsiri ile niliipiga taipu vizuri, na chini yake nikaandika jina langu na lake. Bwana mmoja pale ofisini akalikata lake kwa wino mwekundu, kwamba si mtumishi wa serikali. Nikaipiga upya, nikaliweka lake juu ya langu, nikaipeleka moja kwa moja kwenye faili. Nilikaripiwa. Sijuti. Ninyi nanyi mkipewa neno na mtu, semeni mlipewa na nani.

Nilimpelekea nakala Kirongwe. Akaniomba nimwonyeshe jina lake liko wapi. Akaligusa, akauliza kila herufi inaitwaje, kisha akasema nisiondoke kabla ya kumwandikia zote zilizobaki. Ndani ya wiki sita alikuwa anasoma magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari, na ananisahihisha mimi.

Mwaka wa pili Omari alimwandikia kwamba mwalimu wake mmoja, Mwingereza, alisema darasani kuwa watu wa pwani hawakuacha maandishi ya kale ya maana. Bi Mwanaisha akajibu kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa zilizopinda: “Mwambie mwalimu wako aje Kirongwe. Mlango uko wazi, na chai ipo.”

Akaja! Likizo ile alishuka Kilindoni na begi la turubai, Omari pembeni yake, mimi nikaitwa kukalimani. Bi Mwanaisha akafungua sanduku la baba yake. Kwa siku tatu yule bwana alikaa mkekani akipokea kitabu kimoja baada ya kingine, vilivyoandikwa kwa mkono, wino mweusi na mwekundu, pembeni vimejaa maelezo ya Sheikh Nasoro na, kwa mwandiko mwembamba zaidi, maelezo ya binti yake akipingana naye. Siku ya kwanza aliuliza maswali ya mwalimu. Siku ya tatu alikuwa anauliza maswali ya mwanafunzi, na kabla ya kuuliza alivua kofia.

Alipokuwa anaaga, akanigeukia. Akasema nimuulize Bi, kwa heshima, yeye alihitimu chuo gani.

Nikamuuliza. Bi Mwanaisha alikuwa anakirudisha kitabu cha mwisho sandukuni, akikifunga kitambaa chake.

“Mwambie,” akasema, “mimi bado nasoma.”